Saa Mkononi mwa Mpinzani

Mtaani kwao Kihonda, ukimuulizia Fidelis Mkude fundi milango, utaelekezwa kwa kidole. Ukimuulizia Wa Pili, utapelekwa mpaka mlangoni, tena kwa kicheko. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na vijana wa kijiwe cha bodaboda, mwaka ule aliporudi kutoka mashindanoni akiwa mshindi wa pili kwa mara ya tatu. Walipomwona anakuja wakasimama wote na kumpigia saluti. Fidelis alicheka nao, kwani mtu akikutania mtaani usipocheka umekwisha. Lakini moyoni lilimkera, jamani, lilimkera mpaka usingizini, na mkewe Upendo ndiye shahidi.

Mashindano yenyewe nayo, ukimsimulia mtu asiyeyajua, atakutazama mara mbili. Ni ya videge. Si vya rimoti, wala si hizi droni za kupigia picha maharusi. Ni ndege ya mianzi iliyochongwa ikabaki vijiti tu, ikavishwa karatasi ya tiara, na tumboni ikawekewa mpira mrefu unaosokotwa kwa keke ya seremala, ile ya kutobolea mbao, mpaka ujae mafundo. Ukiiachia, propela inazunguka, ndege inapanda, na kuanzia hapo haina wa kuiamuru. Huna kamba, huna kitufe, huna la kusema. Unabaki chini umepinda shingo. Ndege itakayokaa angani muda mrefu kuliko zote ndiyo imeshinda, basi. Na kwa ajili hiyo watu wazima wenye mvi zao wanashinda juani Jumapili nzima.

Aliyemwingiza Fidelis humo ni Mzee Noordin. Fidelis alizaliwa milimani, juu ya Mkuyuni, kwenye shamba la ukoo wa mama yake, mahali ambapo kabichi ikikuponyoka mkononi unakwenda kuidai kwa jirani wa chini. Akashuka mjini kujifunza useremala, akafungua karakana yake Kihonda, na siku moja akaenda kununua bawaba katika duka la Mzee Noordin, nyuma ya soko. Mzee huyo ukoo wake ni wa Kihindi, lakini yeye, baba yake na babu yake wote ni wa Morogoro, na alikuwa akiuza misumari na makomeo tangu ujana. Siku hiyo juu ya kaunta palikuwa na bawa la ndege linakauka gundi. Fidelis akaomba kulishika. Aliliinua kwa nguvu za mtu aliyezoea mbao za mninga, likataka kumruka mkononi. Bawaba alizisahau, ikabidi arudi kesho yake.

Mzee akamfundisha yote bila kumficha kitu. Jinsi ya kuchagua mwanzi. Jinsi ya kuivuta karatasi kwa maji ili ikaze. Jinsi ya kumsoma mwewe, kwa sababu mwewe akizunguka juu bila kupiga mabawa, ujue hapo pana hewa ya moto inapanda. Wanaklabu wanaiita lifti. Ndege ikipanda lifti, umepona. Ikipanda lifti kubwa kupita kiasi, iage, maana itakwenda zake Dumila na hutaiona tena. Kwa hiyo mkiani hufungwa kipande cha udi, udi huu huu wa kufukizia nyumbani, kinawashwa kabla ya kurusha. Moto ukiifikia rababendi inayoushikilia mkia unaikata, mkia unainuka, na ndege inashuka polepole hata kama lifti inaitaka. Udi mfupi, ndege inarudi mapema. Udi mrefu, unacheza na bahati yako mwenyewe.

Halafu kuna jambo la saa. Wengine huko sijui wanafanyaje, lakini hapa Morogoro saa ya kupimia hushikwa na mpinzani. Sheria hiyo aliiweka Mzee Noordin siku alipoanzisha klabu, na alikuwa na sababu yake: rafiki akikupimia atakuongezea, lakini mpinzani wako mwenyewe akitangaza kwamba umekaa dakika tatu, nani atabisha? Wapimaji huwa wawili, na jicho la mwisho ndilo linalohesabiwa. Mmoja akiipoteza ndege machoni anasimamisha saa yake, na yule anayeiona bado anaendelea mpaka naye impotee au itue. Hakuna wa kumkagua. Miaka yote hiyo watu walikuwa wamegombana kuhusu gundi, kuhusu upepo, hata kuhusu nani kamaliza chapati, lakini kuhusu saa, hapana.

Basi, Jumapili hiyo mwishoni mwa kiangazi Fidelis aliondoka nyumbani mara baada ya misa ya kwanza. Ukutani sebuleni alikuwa amekwisha pigilia msumari wa kutundikia ngao, ile ngao ya mninga ambayo mshindi hukaa nayo mwaka mzima. Upendo alipouona huo msumari hakucheka. Alimwambia kwa upole kabisa kwamba mwaka huu akirudi mikono mitupu, hivyo videge vihamie karakana na Jumapili zirudi kuwa za familia. Fidelis aliona mwanamke ana haki. Alibeba boksi lake akatoka. Alilitaka lile jambo sana, tena siku hiyo alilitaka kuliko siku zote.

Uwanja wao ni mbuga iliyo nje kidogo ya Kihonda, milima ya Uluguru ikiwa mgongoni kwako ukisimama kurusha. Zamani walirushia upande wa Mzinga, wakahama wenyewe, kwa sababu huwezi kwenda kugonga geti la kiwanda kile cha risasi ukaeleza kwamba umefuata kidege. Mbele ya mbuga hii kuna shamba la mkonge lililoachwa likawa pori, na mkono wa kulia ardhi inateremka kwenye bonde la Ngerengere, kwenye bustani za mchicha.

Mzee Noordin alikuwa amewahi kufika. Fidelis alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, na katika kupeana mikono Fidelis akausikia ule mtetemeko. Ulikuwa umeanza mwaka uliopita, ukazidi. Kikombe cha chai mzee sasa hukishika kwa mikono miwili. Ndege aliyoileta siku hiyo ilimchukua masika na kiangazi chote kuitengeneza, kijiti kimoja leo, kingine wiki ijayo, na alikuwa amewaambia wanaklabu wote bila kujionea huruma kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Ikipotea, hataweza kuunda nyingine. Ilikuwa nyeupe tumboni na kijani mgongoni, na bawa lake lilikuwa refu kuliko la ndege yoyote pale uwanjani.

Raundi za asubuhi sitazisimulia zote. Kila raundi ina kikomo cha dakika mbili, ndege ikizifikisha umepata alama kamili. Wengine walianguka mmoja mmoja: huyu mpira ulimkatikia, yule ndege ilimgeukia ikapiga chini palepale miguuni pake. Hamza, dereva wa bodaboda ambaye pia ni mwanaklabu, alitolewa raundi ya pili, akaendelea na kazi anayoipenda zaidi, ya kuzifuata ndege za wenzake kwa pikipiki yake. Jua lilipokuwa limeanza kuelekea magharibi wakabaki wawili wenye alama kamili, Fidelis na Mzee Noordin. Hapo ndipo inapokuja raundi ya kukata shauri, isiyo na kikomo. Kila mmoja anarusha mara moja tu. Kila mmoja anampimia mwenzake, na Mwalimu Grace, katibu wa klabu, anakuwa mpimaji wa pili kwa wote.

Kura ikamwangukia Fidelis aanze. Alisokota mpira, akasimama kusubiri. Mwewe akaanza kuzunguka juu ya mkonge. Fidelis akaachia. Ndege ilipanda vizuri, ikashika lifti, si kubwa lakini ya kutosha, ikawa inazunguka huku inakwenda na upepo. Ikawa ndogo. Ikawa nukta. Mwalimu Grace akatangaza kwamba ameipoteza, akasimamisha saa yake kwenye dakika tatu na nusu. Fidelis akageuka kumtazama Mzee Noordin. Mzee alikuwa ameegemeza viwiko vyake kwenye paa la gari ili darubini isitetemeke, machozi ya kukodoa yanamshuka mashavuni, na kila alipoulizwa alijibu kwamba anaiona, bado anaiona. Alimpa mpinzani wake kila sekunde aliyostahili, mpaka nukta ile ilipotua nyuma ya vichaka. Dakika nne na sekunde kumi. Watu wakapiga makofi, na Hamza akaondoka kuifuata.

Ikabaki zamu ya mzee. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, akajaribu kufunga udi mkiani, ukamponyoka. Akajaribu tena. Halafu akamwita Fidelis amfungie. Fidelis akapiga goti mbele yake, akafunga.

"Mrefu kiasi gani, mzee?"

"Wote," mzee akasema. "Leo niache niione inakwenda."

Mzee akasubiri sana, hata Hamza akarudi na ndege ya Fidelis. Huko kwenye mkonge kulikuwa na mtu amewasha nyasi kusafisha kijishamba chake, na moshi ulianza kupanda wima. Wengine walilalamika kwamba moshi utaharibu mchezo. Mzee yeye alikuwa akiutazama kwa furaha, kwa sababu panapopanda moshi hewa nayo inapanda. Akasimama, Fidelis akawasha udi, akarudi kuchukua darubini na saa. Mzee akaiinua ndege yake juu ya kichwa, mikono inatetemeka, bawa zima linatetemeka, akaiachia.

Ilipanda. Ee Mungu wangu, ilipanda. Mpira ulipoisha nguvu ilikuwa tayari juu kuliko ya Fidelis ilivyowahi kufika, na hapo ndipo lifti ilipoishika. Fidelis alikuwa na saa mkono wa kulia na darubini mkono wa kushoto, na alihisi kabisa moyo wake unashuka kadiri ndege ile inavyopaa. Dakika moja ikapita, mbili zikapita. Ndege ikausogelea moshi, ikaingia pembeni yake, ikatoka, ikaingia tena. Ilipofika dakika ya tatu Mwalimu Grace akashusha darubini yake na kusema ameipoteza. Sasa likabaki jicho moja tu.

Na jicho hilo lilikuwa linaona vizuri sana. Hakuna wa kusema Fidelis alidanganyika. Aliiona ndege inazunguka kwenye ukingo wa moshi, nyeupe, kijani, nyeupe, kijani, kila inapogeuka. Nyuma yake watu walikuwa wakiuliza kama bado, naye akajibu bado. Wakauliza tena, akajibu bado. Akaiangalia saa kwa nusu ya jicho: dakika nne zimetimia. Zilibaki sekunde chache sana awe Wa Pili tena, mwaka mwingine mzima, saluti pale kijiweni, na Upendo akimtazama kwa upole ule unaouma kuliko matusi. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Hakuna aliyekuwa akiona anachokiona yeye. Hata mwenye ndege alikuwa amesimama na kiganja juu ya macho, anatazama mahali sipo.

"Imepotea," Fidelis akasema, akabonyeza.

Dakika nne na sekunde mbili. Watu wakapiga kelele za furaha na kumpigapiga mgongoni. Lakini yeye darubini hakuishusha. Hakuweza. Ndege ile ilitoka kwenye moshi peupe kabisa, jua likaipiga tumboni, na upepo wa juu, ambao ulikuwa tofauti na wa chini, ukaigeuza mkono wa kulia kuelekea bondeni. Iliteleza, na kuteleza, haina haraka na mtu. Fidelis aliifuata mpaka mwisho. Aliiona inashuka kwenye bustani za Ngerengere, kando ya tangi jeusi la maji, ikatua kwenye matuta. Mwalimu Grace akamuuliza anatafuta nini tena, akajibu kwamba anaangalia kama itatokeza.

Mzee Noordin akaja taratibu, akamkumbatia. Alimwambia hongera, na haikuwa hongera ya mdomoni. Alisema amengoja miaka mingi aione siku ambayo Fidelis angeichukua ngao. Kisha akauliza swali ambalo kila mwenye ndege humuuliza mpimaji wake.

"Mara ya mwisho uliiona wapi?"

Fidelis alikuwa na nafasi. Ilikuwepo hapo, ingemtosha kunyoosha kidole bondeni na kusema ilikuwa inaelekea kule. Lakini aliyeipoteza kwenye moshi anajuaje ilikoelekea? Ukianza uongo inabidi uulishe.

"Kwenye moshi, mzee," akasema. "Katikati ya mkonge."

Mzee akapanda pikipiki nyuma ya Hamza, wakaenda huko.

Fidelis alikuwa na mpango wake. Ataachana na watu kidogo, atateremka bondeni, ataichukua ndege na kuileta, aseme amebahatisha. Mzee atapata ndege yake, yeye atapata ngao, na dhambi itabaki ya kwake na Mungu wake. Ulikuwa mpango mzuri, ila hakupewa mwanya. Huyu anataka picha, yule kaleta soda, Mwalimu Grace anamkabidhi ngao aishike vizuri, upande huu kuna mwanga. Mtu akampigia Upendo simu kumpa habari, na simu ikawekwa sauti ili wote wasikie. Upendo akapiga vigelegele. Vigelegele vya Upendo, ambaye hakuwahi kupiga hata siku moja kwa ajili ya videge! Fidelis aliishika ngao kifuani, akatabasamu, akatamani ardhi impasukie.

Hapo upepo ukabadilika. Kwanza waliusikia kwenye mashati, kisha wakauona kwenye moshi, ambao ulilala na kuanza kusambaa. Chini yake ukatokeza mstari mwekundu. Nyasi za katikati ya mkonge ule hazijakatwa miaka mingi, na moto uliokuwa wa kusafishia kishamba ukawa sasa unatembea. Soda zikawekwa chini. Kabla hawajaamua la kufanya, Hamza akatokea kwenye vumbi, peke yake.

Alisema mzee amekataa kuondoka. Amemsihi, amemvuta mkono, mzee anasema ndege imo humo humo na haiachi iungue, na anaingia mstari kwa mstari kuitafuta huku anakohoa. Amekuja kuchukua watu wamsaidie. Fidelis hakumsikia akimaliza. Alikuwa amekwisha kaa nyuma ya pikipiki, na ngao ameitupa sijui wapi.

Njia ile ni fupi lakini aliiona ndefu. Aliomba, kwa jina la Bikira Maria na la mtakatifu yeyote aliyekuwa karibu, mzee awe ametoka mwenyewe. Aliona wazi kwamba kidole chake kile kile ndicho kilichomtuma mzee kwenye moto. Walipofika mwisho wa njia wakaiacha pikipiki wakakimbia. Moto ulikuwa unalia upande wa kushoto, na majani ya mkonge yanapasuka. Wakamwona mzee mbele yao, leso mdomoni, ameinama anaangalia chini ya mimea, mgongo ameupa moto.

Fidelis akamshika bega akamwambia watoke. Mzee akajitoa. Akasema imebaki mistari michache tu, na kama imetua kwa tumbo itakuwa juu ya nyasi, itaonekana. Alikuwa anakohoa na kusema kwa pamoja. Hamza akataka kumbeba, mzee akamkemea kwa ukali ambao hawakuwahi kuusikia. Huyu si mtu wa kubebwa, na kuvutana naye kulikuwa kunakula muda ambao hawakuwa nao.

"Haimo humu, mzee," Fidelis akasema. "Twende."

"Umejuaje?"

Moto ulikuwa umefika mstari wa pili. Fidelis alimtazama mzee machoni, na macho yenyewe yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Niliiona ikitua. Iko bondeni, kwenye bustani. Sikuipoteza, mzee. Niliiona mpaka mwisho."

Mzee Noordin aliinuka. Alimtazama Fidelis kwa muda wa kupumua mara moja, kisha akageuka na kuanza kutembea kuelekea njiani, kwa miguu yake, bila kushikwa. Hamza alimtazama Fidelis pia, akatema mate chini, akamfuata mzee. Fidelis akabaki nyuma kidogo, halafu joto likamsukuma naye akatoka.

Walikwenda bondeni wote watatu, mzee akiwa amepakiwa nyuma ya Hamza, Fidelis akitembea kwa miguu. Ndege ilikuwa pale pale kando ya tangi, juu ya mchicha, nzima. Udi ulikuwa umeishia wenyewe hapo chini na mkia umeinuka. Mzee akapiga magoti kwenye tope, akaiokota kwa mikono yake miwili, akaipuliza majivu na kuikagua bawa kwa bawa. Fidelis alisimama mbali. Alijua hana haki ya kusogea.

Uwanjani walikuta watu wameuzuia moto usivuke njia, kwa matawi na mchanga, nyuso zimejaa masizi. Fidelis hakungoja Hamza aseme. Aliwaita, akasimama mbele yao, akasema alichofanya, kwa maneno machache, akitaja kitufe na moshi na bonde. Alisema ngao ni ya Mzee Noordin. Mwalimu Grace alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda akaiokota ngao kwenye nyasi, akaifuta vumbi na kuirudisha kwenye boksi lake. Alisema ngao haiwezi kuwa ya mtu yeyote, maana saa ya kumpa mzee haipo, na saa ya Fidelis nani ataitaka. Watu wakaanza kufungasha. Hakuna aliyemtukana, na yeye angefurahi kama wangemtukana. Waliyakunja maturubai huku wakimpita kama nguzo.

Alimkuta Mzee Noordin kwenye gari lake, anaiweka ndege kiti cha nyuma juu ya blanketi. Fidelis akaanza kuomba radhi. Alikuwa amepanga maneno, akayachanganya, akaanza upya. Mzee akainua mkono kumnyamazisha, si kwa hasira. Alionekana amechoka tu, mzee wa watu, na moshi bado unamkwaruza kooni. Akaegemea mlango wa gari.

"Ngao niliwahi kukaa nazo," akasema. "Sitaki kujua habari za ngao. Niambie kitu kimoja. Ilikaa muda gani?"

Fidelis akaitoa saa mfukoni. Ilikuwa imesimama palepale alipoisimamisha, dakika nne na sekunde mbili. Alikumbuka ilivyotoka kwenye moshi, ilivyogeuka juani, ilivyoteleza juu ya bonde zima. Aliiona yote. Alikuwa mtu pekee duniani aliyeiona.

"Ilikaa sana, mzee."

"Sana kiasi gani?"

Mzee alisubiri. Alisubiri kwa subira ile ile aliyosubiria upepo, uso wake umeinuka kidogo, kama mtu anayejiandaa kufurahi.

"Sijui," Fidelis akasema. "Sikuhesabu."